Utangulizi uleule, mafaili kibao

Jamani, programu za kutafuta sauti zinazojirudia kwenye mafaili tofauti zimeniokoa. Nina rundo la rekodi za vipindi, na nilitaka kujua zipi zina utangulizi uleule ili niukate. Nisikilize moja moja? Thubutu!

Nimetumia Chromaprint, mojawapo ya programu hizo. Yenyewe haina habari na maneno. Inashusha sauti hadi sampuli (vipimo vya sauti) 11,025 kwa sekunde, inaigawa vipande vifupi vinavyopishana, kisha nguvu ya kila kipande inapangwa kwenye noti 12 za muziki. Hapo inatoka alama ya vidole ya sauti, yaani mfuatano wa namba tu, na kompyuta kulinganisha namba ni kufumba na kufumbua. Faili moja MP3 iliyobanwa, jingine WAV, hili sauti juu, lile chini: bado yanakutana.

Kinachoisumbua ni kasi. Rekodi ikiharakishwa, noti zinahama na alama hazifanani tena. Halafu ukimya! Ukimya unafanana na ukimya mwenzake, kwa hiyo orodha ya kwanza ilijaa sehemu zisizo na sauti yoyote. Nikaweka sharti kwamba kimya kirukwe na mfanano usipungue sekunde 10. Orodha ikanyooka. Sasa nakata tu.