Chama cha mawakili wa utetezi kifungamane na kazi, si na mahakama

Kuna jambo ambalo sisi mawakili wa Arusha hulizungumza wakati wa chai kuliko tunavyolizungumza kwenye mikutano rasmi, nalo ni hatima ya ule umoja wa mawakili wa utetezi uliozaliwa hapa pamoja na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda (ICTR). Chama hicho, kilichojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, ADAD, kiliwakusanya mawakili kutoka Afrika, Ulaya na Amerika ya Kaskazini waliokuwa wakiwatetea washtakiwa katika kumbi za AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, na leo kimebaki zaidi katika kumbukumbu za wale waliokuwamo. Nikiwa wakili wa kujitegemea niliyewahi kufanya kazi kama msaidizi wa kisheria katika mojawapo ya timu hizo, naamini kwamba chama cha namna hiyo kinahitajika sasa kuliko hata wakati ule, isipokuwa kisijengwe tena juu ya uhai wa mahakama moja.

Mahakama ile iliundwa kwa Azimio namba 955 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Novemba 1994, na ikafunga shughuli zake tarehe 31 Desemba 2015, baada ya kuwafungulia mashtaka watu 93. Kumi na wanne kati yao waliachiwa huru. Idadi hiyo ya mwisho ndiyo ninayopenda kuwakumbusha wanaodhani kwamba kumtetea mtuhumiwa wa mauaji ya kimbari ni kupoteza fedha za dunia, kwa sababu watu hao walikuwa wametuhumiwa makosa mazito kuliko yote, na majaji, baada ya kusikiliza pande zote mbili, wakaona kwamba ushahidi haukufikia kiwango kinachotakiwa. Bila utetezi uliopewa muda, wapelelezi wake na nafasi ya kusafiri kuwatafuta mashahidi, sioni ni kwa njia gani majaji wangelifahamu hilo.

Chama kilikuwa na kazi gani hasa? Wengi hudhani ilikuwa ni kudai malipo, na kweli malipo yalizungumzwa sana, pengine kupita kiasi. Kazi nzito zaidi ilikuwa kusema kwa sauti moja pale ambapo wakili mmoja akisema peke yake angeonekana anatafuta upendeleo kwa mteja wake: kuhusu nyaraka za upande wa mashtaka zinazocheleweshwa, kuhusu usalama wa mashahidi wa utetezi, kuhusu usalama wa mawakili wenyewe. Mwaka 2010 ulidhihirisha hilo kwa uchungu. Mwezi Mei, Peter Erlinder, wakili Mmarekani aliyekuwa akimtetea mshtakiwa hapa Arusha, alikamatwa mjini Kigali kwa tuhuma za kukana mauaji ya kimbari, na ilipofika Oktoba Mahakama ya Rufani ya chombo kile ikatamka kwamba maneno ambayo wakili ameyasema au kuyaandika katika kutekeleza kazi ya utetezi mbele ya mahakama hiyo yana kinga. Katikati ya miezi hiyo, Julai, Profesa Jwani Mwaikusa, Mtanzania mwenzetu na mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefanikiwa kuzuia kesi ya mteja wake Yussuf Munyakazi isihamishiwe Rwanda, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Dar es Salaam. Sitaingia katika yaliyosemwa baada ya hapo. Ninachosema ni kwamba katika nyakati kama hizo wakili hahitaji semina. Anahitaji wenzake wenye muhuri, anwani na mamlaka ya kuandika barua itakayosomwa.

Mahakama ilipofungwa, sauti hiyo nayo ikafifia, ingawa mambo yake hayakwisha. Taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi mashauri masalia ilianza kazi hapa Julai 2012 na baadaye ikahamia majengo yake ya Lakilaki, ambako ndiko zilikohifadhiwa kumbukumbu za kesi. Wafungwa bado wanaweza kuomba hukumu zao zipitiwe upya iwapo ushahidi mpya utapatikana. Zaidi ya yote, walikuwapo watu walioachiwa huru ambao hawakuwa na nchi ya kwenda, wakaishi Arusha miaka mingi wakiwa huru kwa hukumu na wafungwa kwa hali halisi. Desemba 2021 wanane, baadhi yao wakiwa wameachiwa huru na wengine wamemaliza vifungo, walipelekwa Niger kwa makubaliano maalumu, na kabla mwezi haujaisha serikali ya nchi hiyo ikawaamuru waondoke. Mteja aliyeshinda kesi akakosa mahali pa kuishi ni suala la utetezi, tena suala ambalo hakuna jalada la mahakama linalolitosha, na hapo ndipo chama cha kudumu kilipopaswa kusimama.

Wenzetu wa The Hague walikuwa na bahati zaidi, au niseme walijipanga vizuri zaidi. Chama chao, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya mahakama ya Yugoslavia ya zamani, kilipewa nguvu na kanuni za mahakama yenyewe, zilizomtaka wakili awe mwanachama wa chama kinachotambuliwa na Msajili. Na mahakama ile ilipokaribia kufungwa, kikapanua jina na wigo wake ili kihudumie mahakama nyingine za kimataifa. Hata hivyo, nao wanategemea mahakama ambazo zinapungua. Mahakama Maalumu ya Lebanon, ya kwanza ya aina yake kuwa na Ofisi ya Utetezi kama chombo kamili kilicho sawa na ofisi ya mwendesha mashtaka, ilifungwa mwishoni mwa 2023. Nani sasa anarithi ujuzi ule?

Kwa maoni yangu, urithi huo una makao ya karibu kuliko The Hague, nayo ni magereza yetu ya Kisongo na Karanga. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa Arusha, iliamua Novemba 2015 katika shauri la Alex Thomas, mfungwa aliyekuwa akitumikia miaka 30 katika gereza la Karanga, Moshi, kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kwamba kutompatia msaada wa kisheria katika shtaka zito namna hiyo kulivunja haki yake. Aliwakilishwa na Umoja wa Mawakili wa Afrika, ambao nao una makao yake mjini hapa. Miaka minne baadaye, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, Mahakama hiyo ikaona kwamba adhabu ya kifo inayotolewa kwa lazima katika kosa la mauaji, bila jaji kuwa na hiari, inakiuka haki ya kuishi. Siku chache tu kabla ya hukumu hiyo, Tanzania ilikuwa imewasilisha taarifa ya kujiondoa katika tamko linalowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja katika Mahakama hiyo, na mlango huo ukafungwa rasmi Novemba 2020.

Linganisha, basi, timu ya utetezi ya wakati ule, yenye wakili kiongozi, wakili msaidizi, wasaidizi wa kisheria na wapelelezi, na wakili wa kupangiwa na Mahakama Kuu katika kesi ya mauaji, ambaye mara nyingi anakutana na mteja wake asubuhi ya siku ya kusikilizwa, mahabusu akiwa amekaa rumande kwa miaka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imesaidia kupanga mambo, lakini sheria haimpi wakili huyo mpelelezi wala mtaalamu wa kuisoma ripoti ya daktari. Upande wa pili una Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, yenye bajeti, matawi mikoani na mafunzo ya kila mara.

Najua hoja ya wakili msomi atakayeniuliza kwa nini tusiiachie Tanganyika Law Society kazi hii. Jibu langu ni kwamba TLS ni ya mawakili wote, wa benki, wa ardhi, wa mikataba, na haiwezi kuwa upande mmoja wa kesi za jinai bila kuwaudhi wanachama wake wengine. Chama cha utetezi kiwe kidogo, kiwe rafiki wa TLS, na kiwe na makao Arusha ili kishirikiane na Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki katika kesi zinazovuka mipaka.

Kazi yake ya kwanza ningependa iwe mwongozo wa utetezi wa kesi za mauaji ulioandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, ilhali ujuzi wa enzi ya ICTR umelala katika Kiingereza na Kifaransa. Ya pili iwe kuwatuma mawakili wazoefu wakae na vijana wanaopangiwa kesi, walisome jalada pamoja kabla ya kikao, si baada yake. Fedha zitoke kwenye ada za wanachama, hata zikiwa ndogo, na wafadhili waje baadaye, kwa sababu nimeona vikundi vilivyoanza na ufadhili vikaishia kuwa ratiba ya warsha za hotelini na posho za kusafiri. Kuhusu uongozi, ningeweka sharti moja tu ndani ya katiba: mwenyekiti awe mtu ambaye bado anasimama mahakamani kutetea kesi za jinai, na akiacha kazi hiyo, aache na kiti.