Joto la mwanzo wa kiangazi: peleka maji chini, funika udongo

Wiki mbili tatu za mwanzo wa kiangazi huumiza bustani kuliko kilele chenyewe cha joto, na sababu iko chini ya udongo. Mmea uliokua wakati ardhi ina unyevu haukuwa na haja ya kuhangaika. Mizizi yake mingi imejitandaza kwenye sentimita 10 za juu, na majani yake ni mapana na laini. Mvua inakata, jua linawaka, upepo mkavu unavuma, na zile sentimita 10 ndizo zinazokauka kwanza. Namna unavyomwagilia siku hizo ndiyo inayoamua kama mizizi itashuka kufuata maji au itabaki juu ikingoja kopo lako kila jioni hadi msimu uishe.

Ndiyo maana sipendi kabisa mtindo wa kunyunyiza kidogo kila siku. Chukua hesabu hii: lita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni milimita 1. Ukinyunyizia lita 2 kila mita ya mraba, umeweka milimita 2, ambazo kwenye udongo mkavu hazishuki zaidi ya sentimita moja au mbili. Uso unapendeza kwa weusi wa unyevu, asubuhi jua linauramba wote, na mizizi haijapata kitu. Milimita 25 kwa mkupuo mmoja huloanisha karibu sentimita 30 za udongo wa kichanga, 15 hadi 20 za tifutifu, na pungufu ya hapo kwenye mfinyanzi. Hapo ndipo mizizi ina sababu ya kuteremka.

Kwa tuta la mboga lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, milimita 25 ni lita 75, yaani makopo saba na nusu ya lita 10. Watu wengi wakisikia hivyo hushtuka, maana walizoea kumaliza tuta kama hilo kwa makopo mawili. Wakati wa joto na upepo mkavu, mboga zilizokwisha funika ardhi kwa majani huhitaji milimita 25 hadi 40 kwa wiki. Kwenye tifutifu zigawe mara mbili. Kichanga hakina pa kuyaweka maji mengi, ukimwaga yote pamoja yanapita mizizi na kuondoka na mbolea, kwa hiyo toa milimita 10 hadi 12 kila baada ya siku mbili. Mfinyanzi una tabia ya kinyume: unahifadhi vizuri lakini unanywa polepole. Mwaga nusu, nenda kafanye kazi nyingine kwa nusu saa, kisha urudi na nusu iliyobaki. Ukiona maji yanatiririka kwenye njia kati ya matuta, umemwaga haraka mno.

Usiamini macho, chimba. Asubuhi inayofuata toboa kishimo cha sentimita 15 pembeni mwa mmea na ufinyange udongo wa chini. Tifutifu likishikamana kuwa donge, acha kumwagilia leo. Likimong'onyoka kama unga, maji ya jana hayakufika. Usipime mara tu baada ya kumwagilia, kwani maji bado yako njiani.

Alfajiri ndiyo saa nzuri kuliko zote: upepo umetulia, udongo umepoa, na majani yakiloana yanakauka mapema. Jioni inafaa pia mradi umwage chini, kwenye shina, kwa sababu majani yanayolala yameloa hukaribisha ukungu. Saa saba mchana si wakati wa kunyunyiza kwa sababu sehemu kubwa ya maji hupotea hewani. Hata hivyo mmea ukiwa umelegea kabisa, usiungoje jioni eti matone yataunguza majani. Mwagie chini papo hapo. Kinachounguza kweli ni maji yaliyolala ndani ya mpira uliotandazwa juani. Yale ya mwanzo yapitishe kwenye ndoo hadi mkono uhisi baridi.

Kulegea kwenyewe kusomwe kwa makini. Maboga na matango hulegeza majani mchana hata udongo ukiwa na maji ya kutosha, kwa kuwa majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kupandisha. Jua likizama yanasimama. Jani lililolegea alfajiri ndilo lenye kiu ya kweli. Na likilegea alfajiri huku udongo ukiwa umeloa, tatizo ni mizizi kuoza au ugonjwa wa mnyauko, na kuongeza maji ni kuumalizia mmea.

Baada ya maji, kinachofuata kwa umuhimu ni matandazo, na hapa ningetaka kila mtu asikie: udongo ulio wazi juani hupata joto linalochoma mkono, na mizizi ya juu hufa humo. Majani makavu, nyasi kavu, makapi au mboji isiyokomaa sana, vyote vinafaa. Loanisha kwanza udongo hadi chini, kisha tandaza unene wa sentimita 5 hadi 8. Ukitandaza juu ya udongo mkavu umefunika ukavu, na mvua ndogo itaishia kwenye matandazo bila kufika chini. Acha uwazi wa sentimita 5 kuzunguka shina, la sivyo gome huoza na konokono hupata nyumba. Nyasi mbichi zilizofyekwa zina mtego wake: zikirundikwa nene huchacha, hupata moto, kisha hugandamana kuwa mkeka usiopitisha maji. Weka sentimita 2 au 3, acha zikauke, ndipo uongeze. Vumbi la mbao likae juu tu. Ukilichanganya na udongo, vijidudu vinavyolioza hula naitrojeni na mboga zinabaki njano.

Palilia kabla ya kutandaza, kwa kijembe na juujuu tu, sentimita 2 au 3. Magugu yanakunywea maji yako, lakini ukichimba kwa nguvu unakata mizizi ya mboga na kufunua unyevu wa chini.

Nyanya ndizo zinazolalamika kwanza, na malalamiko yake yana maana tofauti. Doa jeusi lililobonyea kwenye kitako cha tunda ni kuoza kitako. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni tele. Inasafiri ndani ya maji, na majani mapana yanayopoteza maji mengi huyavuta kwao, tunda likabaki na upungufu. Kumimina chokaa au maganda ya mayai wakati huo hakusaidii tunda lililokwisha kuharibika. Ling'oe, kisha sawazisha unyevu: isiwe leo mafuriko, kesho jangwa. Punguza pia mbolea yenye naitrojeni nyingi, kwani inaongeza majani.

Maua ya nyanya yakidondoka bila tunda, angalia kipimajoto. Mchana ukipita takriban nyuzi 32 hadi 35, na usiku usiposhuka chini ya 21 hadi 24, chavua hudhoofika na ua haliungi. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayobadilisha hilo. Lea mmea, na maua yajayo yataunga joto likishuka. Matunda yanayobaki rangi ya machungwa bila kuwa mekundu ni suala hilohilo la joto, kwa kuwa juu ya nyuzi 30 hivi rangi nyekundu haitengenezwi vizuri. Na hili linauma kuliwaza: watu hupogoa majani ili "tunda lipate jua", kisha wanakuta mabaka meupe yaliyokauka kama karatasi kwenye nyanya na pilipili hoho. Jua limeyababua. Kiangazi, majani ni mwavuli. Yaache.

Mboga za majani zina haraka ya kufa zikiwa zimeacha mbegu. Saladi, spinachi na giligilani zikipata joto na kiu hurefusha shina, hutoa maua, na majani huwa machungu. Matango nayo huingia uchungu mmea ukisumbuka kwa kiu. Neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua husaidia sana, ila iinuliwe angalau sentimita 30 juu ya mimea ili hewa ipite, na kama neti haitoshi, kinga upande wa magharibi kwanza, kwa sababu jua la alasiri ndilo linalokuta udongo tayari umepata moto. Mbegu za saladi hugoma kuota udongo ukizidi nyuzi 27 hadi 30. Zipande jioni kwenye trei iliyo kivulini, mwagia maji ya baridi, halafu hamisha miche baadaye.

Kuhamisha miche kufanyike jioni. Jaza shimo lita 1 ya maji, subiri yazame, panda, shindilia kidogo, mwagia nusu lita nyingine, kisha weka kivuli cha matawi au neti kwa siku 4 hadi 7. Mti mchanga utengenezewe kisahani cha udongo kipana kuliko mizizi yake, upewe lita 15 hadi 20 mara moja au mbili kwa wiki.

Vyungu ni habari nyingine. Nyanya kubwa kwenye chombo cha lita 10 inaweza kumaliza lita 2 hadi 4 kwa siku ya joto, kwa hiyo kusubiri siku mbili tatu kama kwenye matuta hakupo hapo. Chombo cheusi cha plastiki hupika mizizi ya upande wa jua, basi kitumbukize ndani ya kingine kikubwa zaidi au visogeze vyungu vikingane. Mboji ikikauka kabisa hunywea, inaachana na kuta, na maji yanapita pembeni na kutoka chini upesi. Ukiona hivyo usidanganyike kwamba imeshiba. Zamisha chungu kizima kwenye beseni la maji kwa nusu saa, hadi mapovu yakome, kisha kiache kichuruzike.

Kuhusu wadudu, ukavu ni sherehe ya utitiri mwekundu, vijidudu vidogo kama vidoa vinavyoishi chini ya majani. Kwenye joto la karibu nyuzi 30, yai huwa mdudu mzima anayetaga kwa muda wa wiki moja hivi, ndiyo maana jani lenye vidoa vichache vya njano Jumatatu linakuwa kahawia wiki mbili baadaye. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vijidoa vikitembea, wamo. Piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi kila baada ya siku mbili au tatu, kwa muda wa wiki mbili. Sabuni ya maji isiyo na dawa ya kuondoa madoa, mililita 10 hadi 20 kwa lita 1, huua wale inaowagusa tu, hivyo lenga upande wa chini, jaribu kwanza kwenye jani moja, na usipulize juani au joto likizidi nyuzi 30, kwani majani yataungua. Dawa kali za kuua kila mdudu, hasa jamii ya pairethroidi, mara nyingi huzidisha janga: zinaangamiza wadudu wanaokula utitiri, utitiri unabaki bila adui.

Mbolea za chumvichumvi zisubiri. Kwenye udongo mkavu huvuta maji kutoka kwenye mizizi, na kingo za majani hukauka. Mwagilia leo, weka kiasi kidogo kesho, mwagilia tena.

Maji yakiwa hayatoshi, usigawe sawa kwa sawa. Anza na miche na miti iliyopandwa karibuni, kisha maharage na mahindi yanayochanua, kisha mboga zenye matunda. Miti mikubwa na rozmari vinaweza kungoja. Nyasi zinaweza kugeuka kahawia bila kufa, ila zikatwe juu, sentimita 7 au 8.

Siku utakayoona wingu zito baada ya ukavu mrefu, vuna nyanya zote zilizoanza kubadilika rangi. Maji ya ghafla huvimbisha tunda kuliko ganda linavyotanuka, na linapasuka. Zilizoanza kugeuka zitaiva vizuri ndani ya nyumba, kivulini, bila kuhitaji jua la dirishani.