Dafu la Bikini

Mtu akirudi pwani baada ya miaka ya ughaibuni, mabegi hayajafunguliwa anaangushiwa dafu. Hakuna anayeuliza kama linanyweka. Sisi tuliorudi tunalijua tukio hilo, ndiyo maana habari ya watu wa Bikini, katika Visiwa vya Marshall, inatuuma: waliruhusiwa kurudi kwao, na kilichowatoa mara ya pili ni dafu.

Mara ya kwanza walihamishwa Machi 1946, watu 167. Ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Ben Wyatt, alimwendea chifu wao, Juda, akaomba wapishe kwa muda ili mabomu yajaribiwe. Wakapelekwa Rongerik, kisiwa kingine cha Marshall, njaa ikawakuta huko. Wakahamishiwa Kwajalein, na mwishoni mwa 1948 wakashushwa Kili, kisiwa pweke kisicho na mwamba wa kuzungushia maji matulivu. Mawimbi yanapiga ufukwe moja kwa moja, na msimu wa pepo kali chombo hakishuki majini. Wavuvi wazima wakafanywa watu wa kungoja meli ya chakula.

Huku nyuma Bikini ililipuliwa mara 23 hadi 1958. Bomu kubwa kuliko yote ni Bravo, 1 Machi 1954. Lilitarajiwa kutoa megatoni 6 hivi, yaani nguvu ya tani milioni sita za baruti ya TNT, likatoa 15. Sehemu kubwa ya litiamu iliyokuwa ndani yake ni ya aina ya 7, ambayo wataalamu waliihesabu kama mzigo usio na kazi. Kumbe nayo ilivunjika ikazaa tritiamu, hidrojeni nzito, na tritiamu ikaukoleza moto. Mwamba wa matumbawe ukaungua na kupaa angani, kisha ukashuka Rongelap, kisiwa chenye wakazi kilomita 150 hivi mashariki, kama unga mweupe utokao kwenye tanuri la chokaa. Watoto wakauchezea. Watu hawakuondolewa hadi siku mbili baadaye, ngozi zimeshaanza kuwasha. Vidonda vya kuungua vikatokea baadaye. Nywele zikafuata kunyonyoka. Baada ya miaka, uvimbe wa tezi ya shingo ukajitokeza, hasa kwa wale waliokuwa wadogo siku ile, kwa sababu tezi hiyo hukusanya iodini, hata ile yenye mionzi.

Watu wa Rongelap walirudishwa 1957, wakaambiwa kisiwa ni salama ila wasile kaa wakubwa wa minazi. Kaa huyo akijivua gamba hulila tena, kwa hiyo strontiamu-90, madini yenye mionzi, aliyoikusanya hubaki naye. Mwaka 1985 waliamua wenyewe kuondoka, wakapakiwa kwenye Rainbow Warrior, meli ya shirika la mazingira la Greenpeace, hadi kisiwa cha Mejatto.

Bikini nayo ilitangazwa na Rais Johnson mwaka 1968 kuwa inakalika. Vifusi vikaondolewa, minazi mipya ikapandwa kwa maelfu, nyumba zikajengwa, na miaka ya mwanzo ya 1970 familia zikaanza kurejea. Minazi ilipozaa, sesiamu-137, masalia ya mabomu yenye mionzi, ikaanza kupanda miilini mwao. Septemba 1978 wakahamishwa tena.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Udongo wa kisiwa cha matumbawe ni chokaa na mboji kidogo. Hauna mfinyanzi, ambao kwingineko huikamata sesiamu isipande kwenye mimea, tena ni fukara wa potasiamu. Mnazi unahitaji potasiamu nyingi, na mzizi wake hauitofautishi vizuri na sesiamu. Basi unaivuta, unaiweka kwenye maji ya dafu na kwenye nyama ya nazi. Mshelisheli unafanya hivyo hivyo. Hata mkadi, ambao kwetu ni ua la kikuba, kule ni tunda la kuliwa, nalo linabeba. Ndiyo maana kupita na kipimo cha mionzi ufukweni hakutoshi: sehemu kubwa ya mionzi inayompata mtu inaingilia mdomoni. Samaki wana nafuu, kwa kuwa maji ya bahari yana potasiamu tele na mkondo hupunguza kilichomo.

Tiba zilizopimwa Bikini ni mbili. Ya kwanza ni kukwangua sentimita 40 za juu za udongo. Sesiamu inaondoka, lakini na mboji yote inaondoka nayo, na kinachobaki ni mchanga usiootesha kitu kwa miaka mingi. Ya pili ni kumwaga mbolea ya potasiamu kloridi chini ya miti. Mzizi unashiba potasiamu, na sesiamu ndani ya nazi inashuka hadi kama sehemu moja ya kumi. Hii ndiyo ya busara, kwa maoni yangu, mradi isifanywe kisingizio cha kusema kazi imekwisha. Sesiamu bado imo ardhini, kwa kuoza peke yake inapungua kwa nusu kila miaka 30, na mbolea lazima irudiwe.

Mwaka 2001 mahakama ya madai ya nyuklia ya Visiwa vya Marshall iliwapa watu wa Bikini zaidi ya dola milioni 560. Mfuko wa fidia haukuwa na fedha hizo, wakalipwa kijisehemu tu. Ni dhuluma.

Enewetak, kundi jingine la visiwa vya Marshall palipolipuliwa mabomu 43, wenyewe walirudi 1980, lakini kwenye visiwa vya kusini. Kaskazini, kwenye kisiwa cha Runit, shimo la bomu la 1958 lilijazwa zaidi ya mita za ujazo 70,000 za udongo na vifusi vyenye mionzi, plutoniamu ikiwemo, likafunikwa kuba la zege la sentimita 45. Chini hakuwekwa sakafu. Bahari ikijaa, maji yanapanda ndani kupitia matumbawe, ikitoka, yanashuka.

Na anayeishi Enewetak leo anaweza kwenda kituo cha vipimo, akaketi kwenye kiti mbele ya mtambo kwa robo saa, bila kusogea, ahesabiwe sesiamu iliyoingia mwilini kutokana na alichokula nyumbani kwake.