Iko wapi hiyo hamu

Mwaka 2013 nilikuwa nakunywa methadoni Muhimbili, nadhani ilikuwa mwezi wa nne maana mvua zilikuwa zimechachamaa. Kwa asiyejua, methadoni ni dawa ya maji ya sisi waraibu wa heroini, enzi zile ulikuwa unapewa dirishani kila siku unakunywa hapohapo nesi anakuangalia, Idi uende Krismasi uende, na kwakweli inakata arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga. Huduma ilikuwa imeanza 2011 na sisi wa mwanzomwanzo mtaani walikuwa wanatuangalia kama watu tuliotoroka makaburini. Ila kuna kitu hawakuniambia, au waliniambia sikusikia: arosto ni ya mwili, hamu ni nyingine kabisa. Unaweza ukawa umekunywa dozi yako vizuri, kamasi hazikutoki, miayo hupigi, tumbo limetulia, alafu ukashika noti mkononi, noti tu, na kichwa chenyewe kikaanza kupiga hesabu za kete za unga.

Mgonjwa mwenzangu ndo alinipeleka kwenye hekalu la Wabudha wa Sri Lanka palepale Upanga, unatembea tu kutoka hospitali. Aliniambia kuna mzee wa nguo za rangi ya zafarani anatoa chai. Nilifuata chai jamani, nisijifanye mtu wa dini. Mlangoni unavua viatu, hilo nililijua tangu madrasa, nikajisikia nyumbani kidogo. Uani kuna mti mkubwa, mbodhi wanauita, aina ileile ya mti ambao Buddha alikaa chini yake kule Bodh Gaya, India, majani yake yana umbo la kopa na ncha ndefu kama mkia na yanachezacheza hata upepo haupo. Na yanadondoka sana. Basi nikawa nafagia, asubuhi dozi, kisha ufagio, kisha chai, na mara mojamoja naambiwa nikae nihesabu pumzi, moja mpaka kumi, nikifika nne nishasahau niko wapi naanza upya.

Mama aliposikia akaniuliza, "Siku hizi unaabudu masanamu?" Nikamwambia nafagia majani mama. Akanyamaza.

Sasa siku yenyewe. Ijumaa, yule mzee kanipa elfu tano, ya kazi ya wiki. Sijakaa sawa simu ikalia, mshkaji wangu wa maskani, yuko kituo cha Faya, mzigo umeingia mzuri njoo. Hakusema zaidi ya hapo na hakuhitaji kusema zaidi, maana mate yalishajaa mdomoni, mikono ikawa ya baridi, nikawa nasikia kabisa ule moshi unavyokwaruza koo na hapo hata kiberiti sijakiona, na miguu ikaanza kutembea kuelekea getini kama vile ni miguu ya mtu mwingine mimi nimeipanda tu. Na chini yake kuna sauti inanitukana, teja wewe, umekunywa dawa ya bure asubuhi na bado, huponi, bora uende tu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mti. Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Unaenda wapi?"

"Dukani Bhante, narudi sasa hivi." Bhante ndo wanavyowaita watawa wao, kama sisi tunavyosema shehe.

Akaniangalia usoni, nadhani alishaona wengi. Akasema, "Nenda. Lakini kwanza kaa dakika kumi. Baadae nenda, mimi sikatazi."

Nikakaa kwa hasira. Nilitegemea mawaidha, na mawaidha nilikuwa nayo gunia zima, kwao ahadi ya tano ni kujiepusha na vilevi na kwetu ulevi ni haramu najua tangu mtoto, kujua kulinisaidia nini? Lakini yeye hakuhubiri, akauliza tu, "Iko wapi?"

"Nini?"

"Hiyo hamu. Mwilini iko wapi?"

Nikaona huyu ananichezea. Nikamwonyesha kooni. Akauliza inabana au inachoma, nikasema inabana. Inapanda au inashuka, nikasema inapanda. Akasema, "Haya, angalia tu, usiifukuze, usiifuate." Kikapita kimya. Ikashuka kifuani, ikawa kama mtu kanikalia, hapo nikasema nakufa, kisha ikaja tumboni, nikafungua macho nimweleze imehama nikakuta jasho limelowesha shati lote. Na ile sauti ya matusi? Nikamwambia na hiyo ipo. Akasema mtu kapigwa mshale, unauma, hiyo kawaida, alafu anachukua mshale wa pili anajichoma mwenyewe. Hadithi ya Buddha mwenyewe hiyo, na mimi miaka yote nilidhani hamu ndo ilikuwa inanipeleka maskani, kumbe mara nyingi ni yale matusi.

Kuna neno alilitaja, tanha, ni Kipali, maana yake kiu. Kiu! Sio dhambi, sio shetani. Na aliyekuwa anasema ni mtu ambaye ikishafika adhuhuri hali tena mpaka kesho alfajiri, kila siku ya Mungu, sisi mwezi mmoja tu tunalalamika.

Miaka baadae nikaja kusoma kwamba kule Seattle mwanasaikolojia Alan Marlatt alikuwa anafundisha waraibu kitu hichohicho, hamu ni wimbi, usipigane nalo, lipande mpaka livunjike lenyewe. Mtoto wa pwani mimi, hilo la wimbi ningelielewa haraka kuliko "iko wapi".

Dakika kumi zikawa kama nusu saa. Haikuisha, ilipungua tu, ikawa ya kiasi ambacho naweza kutembea nayo. Nikazima simu. Faya sikutaka hata kupakaribia kwahiyo nikashika njia ya daraja la Salenda kwa mguu, manyunyu yananipiga, mpaka Kinondoni. Nisidanganye, kabla ya Ramadhani ya mwaka ule nilianguka mara mbili, na dozi niliendelea kunywa miaka mingine mitatu.

Jioni ile nikampa mama ile elfu tano. Akaigeuza huku na huku, mimi mwanae niliyeshauza sufuria yake, pasi yake na mtungi wake wa gesi, akaifunga kwenye pindo la kanga akasema, "Ahsante baba." Alafu akachukua na simu yake iliyokuwa mezani, akaingia nayo chumbani.