Msako wa Mji Mkongwe: kumbukumbu za maandalizi

Ramani kwanza

Mwezi ujao jamaa wanakutana Unguja: ndugu wa Dar, wa Chake Chake, na ami yetu na wanawe kutoka Muscat. Bibi keshatoa amri kwamba safari hii watoto hawakai ndani na simu, na kazi nimekabidhiwa mie. Nimeamua iwe msako: makundi yapewe mafumbo, yapite vichochoroni kutafuta majibu, kisha wote tukutane Forodhani kula. Umri unaanzia miaka minne na kuishia kwa bibi mwenyewe, ambaye wake hauulizwi.

Wazo la kugawa watu kwa rika nimeliweka kando mapema. Vijana peke yao watamaliza kabla wadogo hawajavaa viatu, na wazazi peke yao watakaa Jaws Corner, penye baraza za kahawa, wasiinuke tena. Ninataka kila kundi liwe na mtoto wa skuli ya msingi, kijana na mtu mzima, na kila mmoja awe na kitu anachokijua ambacho wenzake hawakijui. Kwa hiyo naangalia umri na ujuzi pamoja. Wenyeji wa Mji Mkongwe wasiwe wawili kundi moja. Wale wa Muscat, ambao Kiarabu ni maji kwao, nao watatawanywa.

Vituo ni saba na njia ni ya mzunguko: Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), mtini wa Mizingani, baraza yetu Kiponda, mlango mmoja Hurumzi, Hamamni, Jaws Corner, na Ngome Kongwe. Kwa kuwa ni mzunguko, kila kundi litaanzia kituo chake. Hapo hakuna atakayefuata mgongo wa mwenzake, na sina haja ya kuandika njia tofauti kwa kila kundi. Upande wa Darajani nimefunga kabisa: hakuna fumbo litakalomvusha mtu barabara kuu.

Mkunazini nimeutoa. Palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na sioni vipi nitampa mtoto pointi kwa kukimbilia pale. Vijana watapelekwa siku nyingine, na mtu wa kuwaeleza, bila karatasi ya mchezo mkononi.

Kupima njia

Nimeizunguka baada ya Alasiri pamoja na wapwa zangu, mmoja wa miaka saba na mwingine wa kumi na tano. Mdogo ndiye kipimo: alipoanza kukokota miguu ndipo nilipoandika "maji hapa". Palikuwa Hamamni. Ramani ya simu ilitupotosha karibu na Hurumzi, alama yetu ikirukaruka kutoka paa hadi paa kwa sababu ya kuta ndefu. Nimefurahi, maana sasa sina haja ya kupiga marufuku simu. Haziwasaidii kitu.

Tatizo kubwa ni vespa. Vichochoro vingine watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu, na bado pikipiki itapita hapohapo ikipiga honi. Kwa sababu hiyo mbio zimefutwa. Lakini kumwambia mtoto "usikimbie" katika shindano la muda ni kujidanganya, kwa hiyo lazima nibadilishe kinachohesabiwa (hilo liko chini).

Jambo jingine: hakuna kubandika karatasi ukutani. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ukibandua utepe unaondoka na ganda la plasta. Tena mji umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, sitaki tuwe sisi wa kuubandua. Bahasha zitakaa kwa watu: muuza duka, mzee wa barazani, mlinzi. Nimepita kuwaomba mmoja mmoja, na wote wamekubali, ila mmoja ameniuliza yeye atalipwa nini. Atalipwa kahawa.

Mlango mmoja, maswali matatu

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na ndipo mchezo ulipokaa sawa.

Mlango wa Hurumzi ni wa mbao mbili, dume na jike, na katikati umesimama mfaa uliochongwa. Mtoto wa miaka saba hana habari na historia, lakini ana macho yaliyo karibu na ardhi. Swali lake liko chini: mnyama gani amechongwa karibu na kizingiti? Ni samaki, magamba yake yamelala safu kwa safu, na watu wazima wengi niliowauliza hawajawahi kumwona ingawa wanapita hapo kila siku. Pembeni mwa fremu kuna mnyororo unaopanda mpaka juu. Hilo ni swali la pili la mdogo, aufuate kwa kidole bila kuugusa.

Juu ya milango mingi ya aina hii kuna maandishi ya Kiarabu, na mara nyingine mwaka. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, atazisoma tarakimu zile haraka kuliko mzazi wake. Akishasoma, kazi inahamia kwa kijana: mwaka wa Hijria auzidishe kwa 0.97, aongeze 622, apate mwaka wa Miladi kwa makadirio. Mlango ukiandikwa 1306, kwa mfano, atapata karibu 1889. Kijana hawezi kuanza mpaka mdogo amsomee, na mdogo hawezi kumaliza bila kijana. Wapwa zangu walibishana hapo kwa muda mzuri, na hakuna aliyeomba simu.

Mtu mzima naye ana lake: misumari ya shaba yenye ncha ilitoka wapi? Asili yake inasimuliwa kuwa Bara Hindi, ambako ilikuwa ya kuzuia tembo wasisukume milango. Atakayejibu itabidi pia amweleze mdogo kwa nini Unguja, kisiwa kisicho na tembo, watu walitia misumari hiyohiyo. Sijaandika jibu sahihi. "Fahari tu" nitalikubali.

Mpangilio huo, swali la chini, la kati na la juu, nimeupeleka vituo vyote. Vingine vimekubali, vingine vimegoma. Beit al-Ajaib ni rahisi: Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, kwa hiyo tutalitazama kwa nje. Fumbo lake: "Wa kwanza mjini kuona usiku bila mafuta." Mtini wa Mizingani bado haujapata swali zuri la mtu mzima.

Miji

Nimeondoa saa. Badala yake kila kundi litaanza na kadi kumi za miji: Mkokotoni, Makunduchi, Nungwi, Kizimkazi, Bububu, Wete, Mkoani, Chake Chake, Bagamoyo, Lamu. Likikwama kwenye fumbo, linatoa mji na kupewa dokezo. Likikwama tena, linatoa mji wa pili na kupewa jibu. Mshindi ni kundi litakalorudi Forodhani na miji mingi, hata likifika la mwisho. Wazee hawakuhitaji maelezo, maana vitendawili vyote tulichezeshwa hivyo.

Sheria nyingine ni chache. Bahasha hushikwa na mdogo kuliko wote. Mtu mzima hafungui mdomo mpaka mdogo ajaribu kwanza. Muhuri wa kituo haupigwi mpaka kundi zima limesimama pamoja. Na hakuna kupiga picha watu barazani bila kuwaomba.

Bibi hatembei. Yeye ni kituo. Nilikwenda kumjaribu pamoja na mpwa wangu mdogo, ambaye alifika na kunyoosha mkono apewe bahasha.

"Huyu hana salamu?" bibi akauliza, akinitazama mimi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kitendawili!"

"Tega!"

"Wanangu wawili hugombana mchana, usiku hupatana."

Mtoto akafikiri, akakuna kichwa. "Paka?"

"Nipe mji."

"Nakupa Makunduchi."

"Makunduchi nilikwenda, nikapikiwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, nikalala, nikarudi. Dokezo lako umeliegemea."

Alikuwa ameegemea mlango. Sikupanga hilo, ila siku yenyewe nitahakikisha kila mtoto anasimama palepale.

Wale wadogo kabisa

Chini ya miaka sita hawaingii vichochoroni. Watabaki ndani ya Ngome Kongwe, penye kuta pande zote, na shangazi wawili. Kadi zao ni za picha: paka, kitu cha duara, mtu mwenye kofia. Nimewashonea pia vifuko vya kunusa, karafuu, hiliki, mdalasini na binzari, wavipatanishe viwiliviwili wakiwa wamefumba macho. Mtihani huo dada yangu mkubwa, mpishi wa miaka yote, aliushindwa kwenye binzari, akasema kifuko ndicho kibovu.

Vijana walinung'unika kwamba kitu hiki ni cha watoto. (Kama ni wa ukoo wetu na umefika hapa, ruka aya hii.) Nimewaongezea uzi wao: kila kituo kinatoa herufi moja, na kwa kuwa kila kundi limeanzia pake, herufi zinakuja zimevurugika. Wakizipanga zinatoa KARAFUU, na neno hilo watamnong'oneza muuza juisi ya miwa pale Forodhani ili awape bahasha ya mwisho.

Kilichobaki

Tutaanza saa kumi, baada ya swala, na kumaliza saa kumi na mbili kasorobo ili watu wawahi Magharibi. Forodhani kuna hatari yake: vijana wa mjini huchupa baharini kutoka ukingoni jioni, na nawajua wawili wetu watakaotaka kuwafuata na nguo. Ami amepewa zamu ya kusimama hapo.

Kadi zinachapwa wiki hii kwenye karatasi nzito. Wazee wa Jaws Corner wameridhia, kwa sharti kundi linalofika linunue kahawa na lisikatize dhumna. Fumbo lao limeandikwa: "Mchungu kinywani, mtamu barazani." Muscat hawajaleta idadi kamili, kwa hiyo majina ya makundi yanangoja. Na mtini nao unangoja swali.