Barza ilipomhukumu Ami Aziz

Juzi mwanangu kaniuliza, *Peponi* mkononi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya *Paradise*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah: "Baba, huyu Ami Aziz mbaya?" Nikamwambia amalize kitabu kwanza. Kumbe nilikuwa nakwepa, maana swali hilo nimeshalisikia likiwashinda watu wazima.

Ilikuwa Alkhamisi, Oktoba 7, 2021. Simu zote zimejaa jina la Gurnah, mtoto wa Malindi ya Unguja, kapata Nobeli ya Fasihi. Jioni barzani ubishi ukawa ule ule wa mitandaoni: wetu au si wetu? Mmoja anasema huyo keshakuwa Mngereza. Mwengine anamjibu, kwani aliondoka kwa raha zake? Mapinduzi yamepita, kijana mbichi kenda zake Uingereza, mpaka 1984 ndipo anarudi kumwona babake, na mzee mwenyewe hakukaa sana akafariki.

Muuza kahawa akagonganisha vikombe. "Katika nyinyi, nani kamsoma?"

Macho yote kwangu, mwalimu. Riwaya zake wakati huo zilikuwa kumi. Kichwani nilikuwa nayo moja, hiyo hiyo *Paradise* ya 1994. Nikaanza. Yusuf, miaka 12, babake ana hoteli, deni limemlemea. Tajiri Aziz, anayemdai, anamchukua mtoto. Mtoto anajua anafuatana na ami yake, kumbe karehaniwa.

"Ngoja, maalim." Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Deni kiasi gani?"

Nikasema kiasi si hoja.

"Si hoja vipi? Tajiri kamlisha, kamweka dukani, kampeleka safari za bara. Ubaya wake nini?"

"Mtoto wa mtu ni gunia la karafuu?" akaruka mwengine.

"Basi mbaya ni babake!"

Wakagawanyika. Aziz akasemwa kana kwamba duka lake liko Darajani na jana kamnyima mmoja wao mkopo. Kashata zikaliwa bila hesabu. Uraia haukutajwa tena, wala Nobeli. Nimesoma makala kadhaa za wasomi juu ya riwaya hii. Sijakutana na aliyeuliza deni lilikuwa kiasi gani.

Magharibi ikaadhiniwa. "Mwisho wake?" mzee akauliza, anatafuta kandambili kwa mguu.

Nikamwambia: Wajerumani wanapita wanakusanya watu wa vita, Yusuf anawakimbilia kuwafuata.

"Kwa hiari yake?"

"Kwa hiari yake."

Akanitazama kama mimi ndiye niliyeandika. "Huyo kijana hana akili," akasema, akaenda kutawadha.