Ziwa likifungwa, kibarua anakula nini?

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa lisivuliwe ili samaki wazaliane, kuanzia tarehe 15 mwezi wa 5 mpaka 15 mwezi wa 8, Kibirizi, mwalo wetu wa hapa Kigoma, palikuwa kimya mpaka unaogopa, vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vimelala mchangani, taa zimetolewa ziko ndani, vichanja vya kuanikia vitupu.

Mimi kupumzisha ziwa siwezi kukataa, samaki wamepungua kila mtu anaona, na wavuvi wa dagaa wamezoea kukaa nyumbani mwezi ukiwa mpevu maana mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu. Ila zile ni siku chache jamani, miezi mitatu ni habari nyingine.

Mjomba wangu ni kibarua kwenye kipe, chombo sio chake, nyavu sio zake. Wakirudi asubuhi dagaa wakauzwa, inatolewa kwanza hela ya mafuta na gharama nyingine, kinachobaki ndo wanagawana na tajiri mwenye chombo, sasa ziwa likifungwa mgao unatoka wapi? Tajiri ana duka, ana vyumba vya kupangisha. Mjomba alikuwa na baiskeli tu, akaanza kufata mawese vijijini anakuja kuuza mjini, madumu mawili nyuma moja mbele, milima ya huku mnaijua. Mama naye anayeanikaga dagaa ikabidi auze wa kutoka Mwanza, na mteja wa Kigoma akimshika tu dagaa anajua huyu sio wa kwetu, anarudisha anaondoka.

Kilichoniuma zaidi ni lile neno la "limeni" tuliloambiwa ziwa lilipofungwa. Mwezi wa 5 mvua ndo inaaga, unapanda mahindi gani? Waliopona ni wale wenye vipande bondeni kule mto Luiche, walipanda mchicha na nyanya, na vipande vyenyewe ni vya kukodi. Watu wakiambiwa mapema, mwezi wa 10 hivi kabla mvua hazijashika, hata asiye na chombo anajipanga, hilo tu ndo naliomba.

Mjomba sahivi hasubiri tangazo. Mvua zikianza anakodi shamba anapanda mahindi na maharage, usiku ziwani asubuhi jembe, analala mchana saa chache tu na mgongo unamsumbua. Magunia mawili ya msimu huu yako chumbani kwa mama, katukataza tusiyaguse mpaka ziwa lifungwe.